Futi ya Zuena

Kikao cha maoni ya wakaazi kimeitishwa orofa ya pili,
lifti mbovu tangu Ramadhani.
Mada: njia za watu wenye ulemavu.

Zuena, fundi cherehani wa Kibokoni,
kabaki chini na kiti chake cha magurudumu,
futi shingoni kama kawaida.
Hakupiga kelele.
Aliinama, akapima ngazi ya kwanza: inchi saba na nusu.
Ya pili, nane. Ya tatu, sita.
"Hata kukosea, hawakukosea sawasawa," akacheka.

Akapima mlango wa choo.
Akapima ule mteremko mpya wa saruji,
uliokatiwa utepe na kupigwa picha,
unaoshuka vizuri, taratibu,
mpaka ndani ya mtaro.

Mhandisi akachungulia dirishani:
"Mama, una maoni?"

"Mie nashona, mwanangu.
Mteja akiingia, namwambia nyoosha mikono,
namgeuza mbele, namgeuza nyuma,
ndipo nashika mkasi.
Nyinyi nguo hii ya mji
mlimkatia nani?"

Juu kukasikika feni peke yake.

"Basi shuka," akasema, akiikunjua futi.
"Njoo unishikie ncha hii."