Chagua Moja

Fomu ni kopi ya kopi. Shilingi mia mbili kwa Kizito wa steshenari,
mstari wa juu umekatika, jina la shule limebaki nusu.
Umeilaza juu ya friji letu bovu, lile la kutunzia vikombe,
ukaniambia: Mama, usije ukaiwekea chai.
Jumatatu inatakiwa.

Visanduku vya juu vimeshatiwa vema huko huko vilikotoka,
havina wa kumuuliza: Hisabati, Jiografia, Kiingereza,
na Kiswahili.
Hapo nilisoma mara mbili.
Kiswahili, kisanduku kimoja, kimebanwa kati ya wenzake.
Miaka saba kilikuwa ndicho kila kitu,
ndicho ulichojumlishia, ulichogawanyia machungwa ya kitabuni,
ulichoombea ruhusa ya kwenda chooni.
Januari kitakuwa na vipindi vyake,
kama mgeni mwenye siku zake za kuja.

Chini, kwa mwandiko wa mkono: CHAGUA MOJA.

Habari ikavuka ukuta. Hapa Keko ukuta hautunzi kitu.
Mama Sikujua akasema Lishe, mtoto wa kike hakosi hotelini.
Mjomba wako Kiango akapiga simu kutoka lindoni:
Kiarabu, apate thawabu na mshahara kwa mkupuo.
Mimi nilitaka Utunzaji wa Hesabu. Sikuficha.
Daftari langu la madeni umeliona,
linajaa majina, halijai pesa.

Wewe ukatafuna mfuniko wa kalamu.
Kisha ukasema, Kichina.

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka.
Cha nani hicho? Nani kakutuma?

"Kikokotoo," ukasema.

Kumbe Desemba yote uliyokaa nami Kariakoo,
juu ya robota, nikidhani unanihesabia chupa za chai,
ulikuwa unatazama mikono yetu:
bosi wa ghalani anaandika elfu tisa, ananisukumia,
nafuta, naandika sita, namsukumia,
anafuta, anageuka, anamwambia mwenzake neno,
wanacheka,
anaandika nane na nusu.
Miaka kumi na mmoja tumeongea hivyo, tarakimu kwa tarakimu.
Hajui nina watoto wangapi.

"Nataka lile neno. Lile analolisema akigeuka."

Je, likiwa tusi, Siwema?
"Basi tutajua ni tusi."
Je, likiwa si kitu? Likiwa njaa tu, likiwa joto la mchana?
Ukainua mabega, ukaenda kuanua nguo.

Mimi sikupewa visanduku.
Mwaka wangu walibandika karatasi kwenye mlango wa ofisi,
nikashusha kidole jina kwa jina mpaka chini,
nikakipandisha tena taratibu,
labda nimejiruka.

Jumapili usiku nimeweka sahihi.
Sina ile ya kuzungushazungusha;
nimeandika jina zima, Salha Mwinyikondo Pazi,
herufi zimekaa juu ya mstari kama tulivyofundishwa.
Ndipo nikaona, pembeni kabisa, mahali wino ulipofifia:
Somo litafundishwa mwalimu akipatikana.

Sikukuamsha.
Au uliyaona hayo maneno toka Ijumaa,
ukaniachia nami niyaone kwa wakati wangu.
Nimeikunja fomu mara moja tu, nimeichomeka kwenye daftari lako jipya,
lile ulilolifunika kwa karatasi ya kaki na kuliacha bila jina la somo.

Kesho nafuata dazeni mbili ghalani.
Nitamsukumia bosi namba yangu,
na akigeuka nitatega sikio,
nilishike lile neno likiwa zima,
bila kulielewa, bila kulimenya,
nikuletee nyumbani kama lilivyo.