Ngano ya Nelida

Katika lugha ninayoandikia, ngano ni nafaka
na ngano ni kisa cha kusimuliwa;
shayiri nayo, ukiikimbiza ulimini,
inakuwa shairi.
Basi nisamehe, Nelida wa mji wa Parana:
nakuandalia meza
kwa vitu viwili ulivyokatazwa.

Daktari Iturraspe alichora utumbo kwenye karatasi ya dawa.
Hapa, alisema, palipaswa kuwa kama zulia.
Hapa kwako pamekuwa sakafu tupu.
Miaka hamsini na nane ya kula bila kunenepa,
mifupa kama chaki, damu kama chai ya majani yaliyorudiwa,
kumbe mkosaji ni mkate.

Mkate! Na mumewe ni mwoka mikate.

Akaanza kusoma.
Yeye aliyeacha shule darasa la sita
sasa husimama dukani na kioo cha kukuzia,
miwani juu ya miwani,
akiusoma mgongo wa soseji kama mwanasheria asomaye wosia.
Wanga. Wanga wa nini? Hawasemi.
Kimea: hiyo ni shayiri iliyobadili jina.
Pilipili ya unga, na ndani yake kitu kisichotajwa.
Vidonge vya presha, vyeupe, vinyamavu.
Rangi ya mdomo aliyozawadiwa na bintiye,
nyekundu, yenye mafuta ya kiini cha ngano:
akampa jirani, na jirani akapendeza.

Shuke lililopigwa mstari ndilo kibali chake.
Asipoliona, huirudisha pakiti rafuni
taratibu, kama anayemlaza mtoto wa mwenzake.

Njaa haikuwa kitu.
Kazi ilikuwa kibuyu cha mate kikizunguka,
mrija mmoja, midomo saba,
na wifi yake Olinda ametoka kutafuna biskuti.
Kusema hapana pale
ni kuuacha mkono wa salamu ukielea hewani.
Alisema hapana. Olinda alinuna mpaka Pasaka.

Tarehe ishirini na tisa, siku ya nyoki,
noti chini ya sahani kuita riziki ya mwezi ujao,
alipika zake pembeni, sufuria mpya, mwiko mpya,
viazi na unga wa muhogo.
Zikavunjikia majini zote.
Akaunywa ule uji kwa kijiko. Noti ilibaki palepale.

Na bado tumbo likavimba.
Miezi saba. Vipimo vya damu vikarudi vibaya,
daktari akamtazama kama polisi wa sokoni.
Senyora, usiku unakula nini?
Sili kitu.
Senyora.
Sili kitu, daktari!

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema kwamba kinaweza kuwa ki nguoni mwa mumeo.

Alikiona Alhamisi, jua la saa kumi likiingia jikoni kiubavu.
Evaristo kafika, kavua aproni, kaikung'uta mlangoni
kama kila siku tangu harusi,
na hewa ikawa nyeupe.
Unga ukatua mezani. Kikombeni.
Ulikuwa kwenye kope zake alipoinama kumbusu.

Hakupiga kelele. Alisema tu: Ni wewe.

Evaristo hakuelewa, kisha akaelewa,
akatoka kinyumenyume kama mtu aliyekanyaga kaburi.

Sasa ni Julai, na Julai ya kule ina meno.
Kila jioni mzee wa miaka sitini na tatu
huvua kila kitu kando ya banda la kuku,
hujimwagia maji ya mpira, akitukana kwa sauti,
akisugua kope, akisugua kucha,
akipiga mswaki mara mbili.
Jirani mwenye midomo myekundu huchungulia juu ya ukuta.

Nelida ameshika taulo mlangoni.
Humsoma toka utosini mpaka vidoleni,
polepole, bila kioo,
na nyuma ya sikio la kushoto akikuta chembe
humrudisha majini.