Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na miwili nililala katika bati la serikali,
la duara, kama sufuria iliyofunikwa,
mke upande wa pazia, watoto upande wa buti,
na sikuwahi kulipa hata shilingi ya pango.
Kisha wakanistaafisha, wakanipa pesa.
Kiinua mgongo, ndivyo wanavyoiita,
utadhani hawamjui aliyeukunja.

Dalali Ssebaggala alikuja na pikipiki,
viatu vyeupe katika tope la Kyebando.
"Afande, vyumba sita, milango imesimama gwaride,
choo nyuma, bomba uani, na lami inakuja."
Ilikuwa inakuja mwaka ule.
Mpaka leo iko njiani. Labda imechoka, imeketi mahali.

Nikauliza hati. Akacheka kwa heshima.
"Juu yuko bibi mwenye ardhi, Afande,
katikati mwenye kibanja,
chini wewe, mwenye matofali."
Watu watatu, blanketi moja.
Mwenyekiti wa mtaa akapiga muhuri, akadai ya muhuri,
karani wake akadai ya kalamu,
na mimi niliyefungua bunduki gizani kwa vidole tu
nikatia sahihi mchana kweupe
bila kujua nimeshika nini.

Nikaandika milango kwa chokaa, A hadi F, kama kombania.
A ni Adiru, muuza dagaa, hulipa kabla sijaamka.
B ni fundi simu, hulipa kwa elfu tano tano
kama anayemrushia kuku punje.
C msichana wa uuguzi, na redio yake.
D tupu. Chumba kitupu hakikohoi, lakini kinakula.
E Mwalimu Tibyasa na mwanawe.
F mimi na Kobusingye wangu.

Hapo ndipo nilipokosea.
Ukuta ule ni wa tofali moja, limesimamishwa kwa ubavu.
Usiku nilimsikia Tibyasa akihesabu sarafu,
akazihesabu tena,
kana kwamba mara ya pili zingekuwa zimezaa.
Nikamsikia akimwambia mtoto:
lala, chai ya kesho itakuwa na maziwa.
Kesho yenyewe ilikuwa tarehe tano.
Nikavaa koti. Nikaiandaa sauti ya paredi.
Nikabisha. Akafungua.
Nikamwomba kiberiti.

Mwezi wa pili nikaomba chumvi.
Mwezi wa tatu nilipokuwa nawaza niombe nini
Kobusingye akaniketisha kitandani:
"Mzee, mwenye nyumba hana ukuta wa kusikiliza.
Chagua masikio au kodi."

Sasa tumepanga Nansana, chumba na sebule,
kwa mwanamke ambaye sijawahi kumwona uso.
Pesa humwendea kwa simu, tarehe mosi, naye hujibu: Imeingia.
Kodi ya A na C inalipa kodi yangu.
F nimempa mshona sare za shule.
Na serikali nayo imeleta barua, inataka kodi ya kodi.
Lugha yetu ni bahili:
neno moja, mifuko miwili inatoboka.

Na E?
E nimemwachia Ssebaggala, kwa asilimia kumi.
Anasema mwalimu siku hizi halazi deni.
Simwulizi anabisha kwa mkono au kwa mguu.

Jana usiku nilihesabu noti mezani, taa ikiwa chini.
Zikatosha.
Nikazihesabu tena, polepole, moja moja,
na ng'ambo ya ukuta mtu aliyekuwa akikohoa
akaacha,
akanyamaza,
kama anayesikiliza.