Mvumo

Usiku huu nimepewa glavu nyeupe.
Napokea makoti pale palipokuwa na kabati za ovaroli,
nawapa wageni kibati chenye namba,
na kila namba naijua kwa jina:
kumi na saba alikuwa Bjarnat,
arobaini na mbili, Wórša wa pampu za maji,
sitini na tatu mimi,
miaka thelathini na mmoja, zamu ya usiku.

Vibati hawakuvibadilisha. Walisema vinapendeza.

Mitambo minne iliondoka vipande vipande kwenye malori.
Mmoja wameuacha, wameupaka kijani
ambacho hakijawahi kuwa chake,
umezungushiwa kamba nyekundu: usiguswe.
Mimi niliyekuwa nikiufuta mafuta
kama mama amfutavyo mwana kamasi,
usiguswe.

Falko, fundi wa sauti, kijana wa Leipzig,
anahangaika tangu saa nane mchana.
Kuna mvumo kwenye spika, asema, uko chini kabisa,
kama nzi aliyefungiwa ukutani.
Anachomoa waya, anachomeka waya.
"Ni hamsini," namwambia.
"Hamsini nini?"
"Kwa sekunde. Mizunguko elfu tatu kwa dakika.
Ikipungua, saa za ukutani zinachelewa,
na wilaya nzima inachelewa kazini."
Ananitazama
kama watu wamtazamavyo bibi anayesema na paka.
Sikumwambia kwamba mvumo ule nimelala nao,
kwamba nilipostaafu nilikosa usingizi kwa ajili ya kimya.

Bjarnat hajaingia.
Yuko nje langoni na chupa yake ya chai.
Kijiji chao kilichimbwa mwaka wa themanini na mbili:
kwanza mitofaa, kisha kanisa, kisha makaburi
(mama yake alihama katika kisanduku kama cha viatu),
na makaa yaliyokuwa chini ya kitanda chake cha utotoni
ndiyo tuliyoyachoma humu, siku kumi na moja.
Alihesabu.
Alikuwa zamuni, yeye mwenyewe, na koleo mkononi.
"Siku kumi na moja za mwanga," husema kwa Kisorbi,
"halafu hata majivu wakauza."
Nimemwekea kiti safu ya mwisho.
Tiketi yake imo mfukoni mwangu, inapata joto.

Saa mbili wanaingia, na viatu visivyojua grisi.
Wanainua nyuso, wanasema: ni kama kanisa.
Kanisani hapakuwa na joto la kuyeyusha nta ya masikio,
wala kelele za kumfanya mtu aseme na mumewe kwa vidole
hata Jumapili, mezani, supu ikipoa.
Ila sibishani. Natundika makoti.
Taa zinazimwa. Nyingine zinawaka, za zambarau,
kwa umeme wa vinu vya upepo vya huko ng'ambo ya mashimo;
nyumba iliyouza mwanga sasa inaletewa bili.

Mwanamke mwenye besi kubwa kuliko yeye
akavuta uta, taratibu, noti moja.
Sol. Ile ya chini.
Ikapanda kwa sakafu, ikanishika magotini.
Na ule mvumo wa spika, ambao Falko hakuuweza,
ukaitikia, lakini haukulingana nayo:
sauti mbili zikasuguana,
zikawa zinavimba na kunywea, zinavimba na kunywea.
Arobaini na tisa, nikasema. Arobaini na tisa!
Mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe
kutafuta gurudumu la mvuke hewani,
kuongeza kidogo, kidogo tu,
na koti la manyoya la mama mmoja likaanguka sakafuni.

Niliokota. Nikatoka na glavu zangu.
Bjarnat alikuwa amechuchumaa langoni,
kiganja kimelala kwenye reli ya zamani ya magari ya makaa,
jicho moja amelifumba.
Nilimnyoshea tiketi. Hakuitazama.

"Imepungua," akasema.
"Najua."
"Nani yuko zamu?"

Akanimiminia chai kwenye kifuniko.