Ghorofa ya Tatu, Juu ya Tanuri

Avtandil huwasha tanuri saa tisa na nusu usiku.
Najua, kwa kuwa ukuta wa jikoni kwangu hupata joto,
kisha harufu hupanda ngazi bila kubisha hodi,
ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu,
ikafika kitandani, ikanishika ukosi.

Mimi Tsiala, fundi cherehani wa mtaa huu wa Kutaisi,
niliyepima viuno vya watu miaka thelathini na miwili
nikikikwepa changu,
leo ni siku ya arobaini na moja
tangu Daktari Khatuna anisomee damu yangu
kama anayesoma barua ya deni.

Nimekula vizuri, msidhani nimejinyima.
Maharage mekundu kwa giligilani,
mbilingani, kipande cha samaki wa mto,
kokwa nane za jozi; nilizihesabu.
Tumbo lilishiba saa moja jioni
na saa nne likaanza kunong'ona
kama mpangaji anayedai arudishiwe kodi yake.

Shibe hulevya, njaa hulegeza, hilo lajulikana.
Lakini uchu?
Uchu haukulegezi.
Uchu hukusimamisha wima gizani,
hukuvalisha viatu.

Nimejifunza kuwahoji hawa wawili.
Njaa nikiiuliza, "Utakula maharage yaliyolala?"
hujibu, "Lete."
Uchu hujibu, "Mkate. Wa moto.
Na jibini ile inayovutika."

Usiku huu niliuliza.
Nikajibiwa kwa sauti ya marehemu Guram, mume wangu,
aliyekuwa akirudi na mkate chini ya koti,
ncha moja imekwisha ng'atwa,
akiapa ni panya wa ngazini.
Utapigana vipi na kitu kinachovaa sauti hiyo?

Nilikunywa maji, bilauri mbili.
Nilishona vifungo saba
kwenye shati lenye matundu sita.
Ngoja dakika ishirini, alisema daktari, uchu huchoka.
Dakika ya kumi na nne nilikuwa ngazini,
sarafu zimelowa jasho kiganjani.

Chini, Avtandil alikuwa ameinama,
nusu mwili ndani ya tanuri,
akibandika madonge ya unga ukutani
kama anayebandika matangazo ya uchaguzi.
Alipotoka, uso mwekundu, hakuniuliza kitu.
Juu ya gunia kulikuwa na chakula chake:
matango mawili, yai la kuchemsha,
chumvi katika kikaratasi.
"Na mkate?"
"Mkate," alisema, "mimi huuza tu."
Tukacheka, kicheko cha watu
waliofumaniwa mahali pamoja.

Alinikatia ncha. Ile ile, iliyoungua kidogo.
Niliila nimesimama, polepole,
kama anayefumbua fundo la uzi mwembamba:
chumvi, moshi, Guram, moshi tena.
Kisha nikala tango.

Ningependa kuwaambia kwamba ilitosha.
Haikutosha.
Nilipanda ngazi na harufu ikipanda nami, bega kwa bega,
na kwenye ghorofa ya pili niligeuka.
Nikateremka vidato vitatu.
Nikashika chuma cha ngazi, kilikuwa baridi,
nikasimama pale mpaka mtoto wa akina Lamara alipokohoa
nyuma ya mlango wao,
nikaona haya, nikaendelea kupanda.

Sarafu nilizirudisha kwenye kopo la sindano;
Avtandil alikataa malipo ya ncha.
Niliosha maharage ya kesho, nikayaloweka,
yakigonga bakuli moja moja.
Tumbo lilikuwa bado linaongea.
Nikaliacha liongee.

Shati lina mwenyewe, atalifuata saa tatu.
Niliwasha taa, nikavaa miwani,
nikaketi kufumua kifungo kimoja.