Karatasi ya Mguu

Kaseti arobaini na tatu, ndani ya boksi la viatu
lililokaa juu ya kabati la mama, hapa Southsea,
tangu enzi za hita ya kutia sarafu.
Mama kaziandika kwa herufi za Kiarabu, kalamu ya risasi:
"Khelef, baada ya mvua." "Khelef, habari ya deni."
Moja imeandikwa "Usifungue" tu,
na hiyo, bila shaka, ndiyo niliyoanza nayo.
Haikuwa na kitu. Pande zote mbili, mchanga unaomiminika.

Mashine nimeinunua duka la hisani, Albert Road,
pauni nane, mfuniko umelegea,
mpira wa ndani umeyeyuka ukawa kama lami.
Nimesafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti,
nimetia mpira mpya, nimechomeka waya kwenye kompyuta,
na nikajifunza jambo ambalo vijana hawaniamini:
sauti hainakiliwi kwa pupa.
Dakika tisini za ami yangu zinataka dakika tisini zangu,
haipungui hata ile ya kukohoa.

Basi nakaa. Nje shakwe wanagombania chipsi.
Mstari wa kijani unapanda na kushuka kwenye skrini,
na Ami Khelef, fundi viatu wa Wete,
aliyefariki kabla sijajua kumwandikia,
anasafisha koo:
"Bismillahi. Zeyana, hujambo shemegi.
Karatasi ya mguu wa mtoto nimeipokea.
Lakini ulimchora kasimama au kakaa?
Maana mguu wa aliyekaa ni mwongo."

Mtoto huyo ni mimi.
Mama alinizungushia penseli, nikicheka kwa kutekenywa.
Makubadhi yalifika baada ya miezi mitano,
mguu ulikwisha kuyapita.
Tukayatundika jikoni, karibu na kalenda.

Kaseti ya kumi na saba:
"Zeyana, leo nina jambo zito, kaa kitako –"
kisha tarumbeta, gitaa, mtangazaji wa redio
akihesabu nyimbo kumi bora za wiki.

Kaka yangu Mundhir.
Mama alivivunja vile vimeno vya juu
ili mtu asirikodi tena. Yeye akaziba kwa selotepu.
Selotepu ipo mpaka leo, imegeuka rangi ya chai.

Nikampigia simu, Gosport.
Miaka sitini na mmoja, dereva wa basi mstaafu,
akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.
"Nilikuwa na miaka kumi na mbili," akasema.
"Na nyimbo zenyewe hata sizikumbuki."

Diski imejaa. Programu inanishauri, kwa adabu zote,
niyabane mafaili, nikate ukimya usio na kazi.
Usio na kazi! Humo ndimo inamosikika nyundo
ya mwanafunzi wake, chumba cha pili, ikigonga kisigino,
na Khelef akisubiri imalize ndipo aseme.
Nimekataa. Nimenunua diski ya pili, na ya tatu.
Moja droo yangu. Moja kwa mpwa wetu, Leeds.
Ya tatu nimevuka nayo feri, safari ya kikombe kimoja cha chai,
nikamtia Mundhir mkononi.
"Mimi tena?"
"Wewe. Aliyekwisha kupoteza ndiye anayejua kuchunga."

Ameivisha soksi ya sufu, kaiweka kwenye bati la biskuti.
Kila Jumapili ananitumia neno moja: "Ipo."

Mafaili nimeyapa majina kwa utaratibu:
mwaka, upande, msemaji.
La kumi na saba lilinishinda. Si Khelef, si redio.
Mundhir ndiye aliyelibatiza, kwa kidole kimoja, polepole:
kaa-kitako.

Zimebaki kaseti tisa.
Na ile tupu nimeinakili pia, yote, dakika tisini za mchanga,
faili zito kama mengine.
Mama hakuwa mtu wa kuandika bure.