Upatanisho wa Hesabu

Mchana kazi yangu ni kupatanisha:
daftari la chama cha akiba upande huu, taarifa ya benki upande ule,
na kalamu nyekundu juu ya shilingi arobaini
zilizokataa kusema zilikotoka.
Usiku, Odera akishalala,
hukaa jikoni, Nyalenda, na vitabu vingine viwili.

Saa ya mkononi yasema: leo umechoma 2,310.
Simu yasema: leo umekula 1,720.
Wiki sita nimeandika, kila jioni, bila kuruka.
Kwa hesabu yao ningekuwa nimepungua kilo tatu na ushee.
Sketi ya kazini haina habari.

Basi nikafanya ukaguzi.
Nikaanza na anayejifanya mwaminifu.

Saa. Jumamosi nilikanda unga wa chapati ishirini,
ikaniandikia hatua elfu moja na mia mbili,
nami sikubanduka mezani.
Jumapili nikasukuma toroli la maji kutoka kwa kina Apondi,
mitungi minne, kilima, jasho mpaka kwenye nyusi,
mikono imeng'ang'ania vishikio, haitikisiki:
saa ikaandika, umepumzika.

Nikafungua mipangilio yake.
Ilikuwa ya kaka yangu Ochola kabla hajanipa.
Mwanamume. Kilo tisini na moja. Miaka ishirini na tisa.
Wiki sita nimekuwa nikichoma mafuta ya Ochola.

Nikacheka peke yangu, kisha nikaigeukia simu,
nayo haina mikono safi.
Inajua unga wa mahindi uliopikwa, kikombe kimoja;
haijui ugali wa sinia, watu watano,
kila mmoja akimega kwa kipimo cha njaa yake.
Omena inawaita samaki wadogo wakavu, gramu thelathini;
haikuyaona mafuta waliyoogelea.

Na mimi?
Sikuandika kionjo cha mchuzi, mara tatu,
wala masalio ya sahani ya Odera, maana kutupa ni dhambi,
wala chai ya ofisini, ambayo Bi Nyangweso
hutia sukari kwanza ndipo akuulize.
Sikudanganya.
Niliandika tu nilichokula nikiwa nimeketi.

Kazini, tofauti isiyo na mwenyewe
tunaiweka kwenye akaunti ya kusubiri
na kuikunjia uso kila mwisho wa mwezi.
Lakini aliyenifunza kazi alikuwa na neno moja:
vitabu vikigombana, fungua kasha uhesabu pesa.

Jumatatu, saa ya chakula, nikavuka hadi Kibuye,
nikapanda mizani ya magunia ya Mama Rispa
kati ya mahindi na maharagwe.
Akasogeza chuma polepole, akafumba jicho moja.
"Sabini na nne na nusu."
"Gunia hili ni bei gani?" akauliza mpagazi.
Wiki sita nyuma, mizani hiyo hiyo, viatu hivi hivi,
nilikuwa sabini na tano.

Nusu kilo.
Hakuna kitabu kilichoijua.

Usiku nikamfuta Ochola kwenye saa, nikajiandikisha:
mwanamke, arobaini na mbili, sabini na nne na nusu.
Ikanyamaza kidogo kama karani mgeni,
ikaanza kunihesabu upya, kwa hesabu ndogo zaidi.
Pembeni mwa sahani Odera alikuwa ameacha tonge moja la ugali.
Nikalila nimesimama.
Nikaliandika.